Paa Linaloinuka

Laiti Sadrack angelibandika lile paa kwa gundi siku ile ile alipolimaliza, mkewe angekuwa nyumbani, mama mkwe wake angekuwa anamtumia sahani ya lituma kila Jumapili, na yeye mwenyewe angepita sokoni Mangobo bila kujifanya anakagua cheni ya baiskeli. Lakini hakulibandika. Alikuwa mtu wa mapaa yanayoinuka, mji mzima ulimjua kwa hilo, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Kazi yake ya kula ni baiskeli. Kibanda chake kipo katika komuni ya Tshopo, kando ya barabara iendayo darajani, na waendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria huku Kisangani, humletea magurudumu yaliyopinda na pedali zilizolegea. Kazi ya moyo wake ni nyingine. Spoki zinazotupwa huzichukua akazinyoosha, zikawa reli. Makopo ya nyanya huyakata, akayakandamiza juu ya meno ya kitana mpaka yakapata mawimbi kama bati la kuezekea. Udongo wa kichuguu huufinyanga matofali madogo kuliko punje za mahindi. Kwa vitu hivyo alikuwa akiijenga upya, kituo baada ya kituo, ile reli nyembamba ya Uele iliyotoka Aketi, ikapita Buta, ikapanda mpaka Isiro na kuendelea. Leo haipo. Vyuma vyake vimekuwa nguzo za nyumba, vimekuwa nyundo, vimekuwa kengele za shule, na vituo vyenyewe msitu umevimeza.

Kipimo chake hakukisomea popote. Mtu mmoja ni njiti moja ya kiberiti. Ukishakubali hilo, mengine yote yanajipanga: mlango unaizidi njiti kidogo, dirisha linaifika kifuani, na kichwa cha garimoshi, ambacho wazee wanasema kilikuwa kifupi mno hata ukakionea huruma, hakizidi njiti mbili. Akimaliza kupima, njiti anaziondoa. Katika vituo vyote vya Sadrack hamna mtu hata mmoja.

"Mutu hatengenezeke," alikuwa akiwaambia wanaouliza. "Nikiweka mutu, kila mutu atasema haimufanane."

Na kichekesho chenyewe ni kwamba hiyo reli hakuwahi kuiona. Alizaliwa Kisangani na kukulia Kisangani. Yote aliyoyajua aliyapata kwa kuuliza, na kwa kuuliza Sadrack hakuwa na adabu wala simile. Mzee wa watu aliyewahi kufanya kazi kwenye reli amekaa anakunywa chai yake, Sadrack anamuuliza choo cha kambi kilitazama upande gani. Mwanamke anakaanga makayabo, samaki wa chumvi, barabarani, Sadrack anachutama mbele ya moto wake na kumuuliza kama jiko lao kule lilikuwa na bomba la moshi au tundu tu. Walimjibu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akiwauliza. Kisha walipokuja kuona kazi, wote walisema neno moja: na ndani? Ndipo akaanza kutengeneza mapaa yanayoinuka. Unalishika kwa kucha mbili, unalinyanyua, na nyumba yako ya utotoni iko wazi chini ya pua yako, pamoja na meza, mtungi na kiti kilichokosa mguu. Watu walilia. Sadrack alipenda sana kuwaona wakilia.

Kituo alichokitaka kuliko vyote kilikuwa Makeli, kituo kidogo kati ya Aketi na Buta. Baba mkwe wake, marehemu Papa Patrice, mtu wa Basoko, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha kutengeneza njia pale, na ndani ya kambi ya Makeli mkewe Mama Augustine alilea watoto wake. Élise, ambaye Sadrack alimwoa, alizaliwa hapo. Tangu siku ya kwanza alipokanyaga kwa wakwe alisikia Makeli hivi, Makeli vile, mananasi ya Makeli, mvua ya Makeli. Akajiapiza kwamba iko siku atamrudishia yule mama Makeli yake, aitazame.

Tatizo lilikuwa kuuliza. Kwa watu wa mto, mkwe na mama mkwe, bokilo kwa bokilo, huheshimiana kwa umbali. Hamketi mkitazamana. Huli mbele yake. Na chumba anacholala mama mkwe, hicho hata pazia lake unalipita ukitazama pengine. Sadrack alikuwa na watoto wakubwa kwa Élise, na bado Mama Augustine alimjua zaidi kwa mgongo na kwa sauti. Akija kuwatembelea, alikaa kwenye kigoda akiielekea barabara, naye Sadrack akasimama nyuma yake, wakasalimiana hivyo, kila mmoja akiongea na hewa iliyo mbele yake. Lilikuwa jambo la raha. Kila Jumapili alituma sahani ya lituma, ndizi zilizotwangwa vizuri, imefunikwa kitambaa, na Sadrack alikula akijua kwamba anapendwa. Sasa mtu kama huyo utamwuliza vipi kitanda chake kilikuwa ukuta gani?

Kwa hiyo alimwuliza Élise. Ilikuwa mchana wa mvua kubwa, kazi imesimama, wawili hao wamejilaza wakisubiri bati liache kupiga kelele. Élise alitaja tanki la maji, akataja nyumba ya kapita yenye vyumba viwili, akataja jiko lililojengwa nyuma, peke yake, mbali kidogo na nyumba. Kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo baba yao alileta mke wa pili, na tangu siku hiyo mama yao alilala jikoni, juu ya mkeka, mpaka walipohama Makeli. Alisema polepole na akageukia ukuta. Ile haikuwa habari ya kituo tena.

Sadrack alimshika bega. Na huku amemshika bega, Mungu amsamehe, alikuwa anaufikiria mkeka: atausuka kwa nyuzi gani, na utakuwa na upana wa njiti ngapi.

Aliusuka kwa nyuzi za majani ya mwale, akauweka jikoni upande wa mafiga. Alijiambia kwamba hakuna atakayefungua jiko wakati kuna nyumba nzima ya kufungua. Alijiambia pia kwamba ameuweka kwa sababu ni kweli. Ukweli wa ndani kabisa ni kwamba ulikuwa mkeka mzuri mno, na hakuwa na moyo wa kuutengeneza kisha asiuweke.

Basi wakati ukafika. Ukumbi mmoja wa Makiso, kule katikati ya mji kwenye mabenki na maduka, ulimwomba alete vituo vyake vyote watu wavione. Siku ya kufungua alivaa shati la harusi ya shemeji yake. Watu walijaa, simu zilikuwa juu, na tangu asubuhi Sadrack alikuwa akiulizwa na kujibu, akiulizwa na kujibu, mpaka ulimi ukawa unakwenda wenyewe. Hii ni nini? Ni pampu. Na hii? Ni nyumba ya mkuu wa kituo. Na huku ndani? Inua, mama, inua usiogope.

Mama Augustine alifika akiwa amevaa kikwembe chake cha Noeli. Sadrack alimgeuzia mgongo mara moja, kama inavyotakiwa, na mama akaja kusimama nyuma yake mbele ya Makeli. Hatimaye Sadrack akaisikia sauti yake, haimwambii mtu.

"Ile tanki ya maji. Élise alianguka pale, akapasuka kidevu."

Jamani, furaha aliyoipata Sadrack haielezeki. Kifua kilimjaa. Hilo ndilo alilolitafuta kwa miaka, na amelipata mbele ya watu. Angekufa saa hiyo hiyo angezikwa kwa heshima.

Hakufa. Alikuja tante Simone, dada wa marehemu Papa Patrice, mwanamke wa sauti kubwa na vidole vyepesi, ambaye hajawahi kukuta sufuria lenye kifuniko akaliacha. Nyumba ya kapita hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akanyanyua paa la jiko.

"Tiens! Na hii mukeka mu jikoni ni ya nini? Ni ya mbuzi?"

Watu wakacheka. Simu zikageuka. Sadrack angeweza kusema ni mkeka wa kuanikia mihogo. Angeweza kusema hajui. Ni neno rahisi, sijui, watoto wa shule hulisema kila siku. Lakini aliulizwa, na alikuwa ameulizwa tangu asubuhi, na kila alipojibu watu walishangaa jinsi anavyojua.

"Hapana, tante," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Hapo njo Mama alikuwa analala, kutoka siku Papa alileta mbanda. Kila kitu hapa ni ya kweli."

Mbanda ni mke mwenza, na katika ukumbi ule hapakuwa na asiyelijua neno hilo. Kicheko kilikatika. Sadrack alitabasamu bado, akingoja washangae. Kwa kuwa mama mkwe alikuwa nyuma ya mgongo wake, mahali pake pa heshima, asipoweza kumwona, alikuwa amemsahau. Kisha akasikia ndala zake zinaondoka sakafuni, taratibu, na alipogeuka, kwa mara ya kwanza bila kufikiria kama inaruhusiwa, alimwona amejifunika kikwembe kichwani kama mtu anayetoka msibani.

Élise, aliyekuja na mama yake, alibaki mbele yake. Hakupiga kelele.

"Nilikuambia weye," alisema. "Sikuambia mji."

Aibu haikuja yote siku hiyo. Ya siku hiyo ilikuwa masikio kuwaka moto na kutokujua mikono aiweke wapi. Nyingine zilifuata baadaye. Picha zilizunguka kwenye simu, na wanawake wa soko la Mangobo wakaanza kumwuliza Mama Augustine habari za mkeka, wengine kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Akaacha kwenda sokoni. Jumapili ikafika bila lituma. Sadrack alikaa kibandani akijua saa hiyo sahani ingekuwa mlangoni, na akajiona mlafi kwa kuifikiria.

Élise akafunga nguo zake kwenye begi.

"Sikuachi," alimwambia. "Naenda kulala kwa mama. Chini, pembeni yake. Siku mama atakanyaga tena hapa kwako, na mi nitarudi. Kama hakanyagi, alors..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja ya kumalizia. Naye alikuwa na aibu yake, kwa sababu siri ya mama yake ilitoka kinywani mwake yeye kwanza. Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Sadrack akabaki na spoki zake.

Kwenda kuomba msamaha mwenyewe hakuweza. Alijaribu. Alifika mpaka kwenye uzio wa Mama Augustine, akasimama, na ndipo akaelewa ubaya wa hali yake: ili aombe msamaha lazima alitaje kosa, na kosa lenyewe ni mahali alipolala mama mkwe. Angelitaja vipi? Kila neno lililomjia lilikuwa na mkeka ndani yake. Jirani mmoja akamwuliza kama ametoboka gurudumu. Akasema ndiyo, akarudi nyumbani akiisukuma baiskeli nzima kama kwamba imetoboka kweli.

Akamtuma Papa Waziri, jirani yake seremala, mzee wa msikitini ambaye akiongea watu wa dini zote hukaa chini. Papa Waziri alikwenda na kofia yake safi, akarudi jua linaegemea.

"Alinipa chai," alisema. "Aliuliza watoto wangu, mumoja mumoja. Aliuliza na mugongo wangu. Jina yako hakuitaja."

"Hata kidogo?"

"Nilitaja mi. Akaniongeza sukari."

Mtu akiishiwa maneno hurudi kwenye kile ambacho mikono yake inakijua. Sadrack alikwenda Makiso akaichukua Makeli, akaileta kibandani, akaifanyia toba. Aliutoa mkeka jikoni. Alishindwa kuutupa, akauficha ndani ya kopo la misumari. Mahali pake akapanga kuni, kuni nzuri, vijiti vilivyopasuliwa kimoja kimoja, mpaka jiko likajaa na hapakuwa na nafasi hata ya kulaza njiti. Kisha ndani ya nyumba ya kapita, katika chumba kikubwa, akatengeneza kitanda. Hajawahi kutengeneza kitanda kama kile. Miguu aliichonga kwa wembe, shuka alilikata kwenye kikwembe cha Élise alichokiacha, mito miwili aliijaza pamba. Atakayeona, alisema moyoni, ataona kwamba mama huyu alilala kama malkia. Halafu akachukua gundi, akayabandika mapaa yote, la nyumba na la jiko, akayakandamiza kwa matofali ya kweli mpaka yakakauka.

Papa Waziri alikuja kuichukua aipeleke Mangobo, kwa Mama Augustine. Aliizunguka, akachungulia dirishani.

"Umeisafisha," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Umeisafisha sana." Na akaibeba.

Siku zilipita bila neno. Sadrack alifunga cheni, akanyoosha magurudumu, akafanya hesabu mbaya za chenji mpaka waendesha toleka wakamhurumia. Kisha asubuhi moja, ameshika gurudumu, akaona toleka mbili zinakuja kutoka upande wa mjini. Kwenye ile ya mbele, juu ya kiti cha abiria, alikuwa amekaa Mama Augustine, kiwiliwili kimenyooka, na mapajani, kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa, amepakata kituo cha Makeli. Mwendesha toleka alikuwa anatoka jasho la woga. Nyuma yao alikuja Élise.

Sadrack alidondosha gurudumu na kugeukia ukuta.

Alisikia kigoda kikivutwa. Akasikia Makeli ikiwekwa juu ya meza yake ya kazi, kwa uangalifu. Akajua, bila kuona, kwamba mama amekaa akiielekea barabara na wamepeana mgongo, na moyo ukamdunda kwa sababu angalau hilo bado lilikuwa mahali pake.

"Sadrack."

"Mama."

"Bon. Niliangalia nyumba yako. Paa ilikataa kufunguka. Chimène akawasha taa ya telefone, tukaangalia mu dirisha." Chimène ni mjukuu wake, binti mkubwa wa Sadrack. "Kitanda iko muzuri."

"Asante, Mama." Alianza kupumua.

"Ile kitanda ni ya nani?"

"Ni... ni yako, Mama."

Barabarani pikipiki ilipita ikipiga honi. Mama Augustine aliingoja ipite mbali.

"Mu ile nyumba kitanda ilikuwa ya mbanda wangu," alisema. "Kutoka siku aliingia, sikuikalia hata kufunga kiatu. Weye umenirudisha mule. Miaka yote mi nilikataa, weye na gundi yako umenirudisha mara moja, umenifunikia na paa."

Sadrack aliegemeza paji la uso ukutani. Alidhani aibu ina mwisho, kama mto unavyokuwa na chini yake. Ya kwanza aliipata kwa kusema mno. Hii aliipata kwa kunyamaza, tena kwa kazi nzuri, kwa mito ya pamba. Alitamani gundi imgandishe hapo alipo asigeuke tena.

"Na mu jikoni umejaza kuni," mama aliendelea. "Donc mi niko wapi? Nalala juu ya kuni?"

"Nisamehe, Mama."

"Nimekuuliza kitu. Mukeka uliutupa?"

"Hapana. Iko mu kopo."

"Ah." Sauti yake ilibadilika kidogo. "Ulikuwa mukeka muzuri. Mulango njo uliweka ovyo. Nani alikuambia mi nilifukuzwa, nikalala mu jikoni?"

Sadrack hakujibu. Alishajifunza. Lakini Élise, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono imeshika begi, akasema, "Ni mi, mama."

"Weye ulikuwa mutoto. Uliona mama iko chini, ukasema papa alimutupa. Papa yako hakunitupa. Alikuwa anakuja kugonga. Mwanzo aligonga na hasira, kambi yote inasikia. Halafu nyuma akagonga polepole, anaita jina yangu kama wakati wa uchumba. Kwa ndani ya mulango kulikuwa kachuma ka kufunga. Fundi wa reli alinitengenezea na kipande ya reli, nilimuomba mwenyewe. Mi sikufungua. Mpaka tunatoka Makeli, sikufungua hata siku moja."

Élise alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Maisha yake yote alimbeba mama yake kama mwanamke aliyetupwa, akamlilia hivyo, akaolewa akiogopa hivyo.

"Simone anajua mukeka," alisema Mama Augustine. "Mangobo yote inajua mukeka. Kachuma hakuna mutu anakajua, kwa sababu fundi wetu hakuuliza mwenye nyumba."

"Haikuwezekana, Mama," Sadrack alisema kwa sauti ndogo. "Weye ni bokilo wangu."

"Ni kweli. Haikuwezekana kuuliza. Lakini kusema iliwezekana."

Hapo Sadrack alilia, akitazama ukuta, na hakujali kwamba mabega yanaonekana kutoka barabarani. Mama alimwacha amalize. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza kazi ya kawaida kwa fundi wa kawaida, "Haya, fungua."

Gundi ilikuwa imeshika kweli. Aliingiza wembe chini ya bati akazunguka nao, na paa la jiko lilipoachia lilichanika kona moja. Alizitoa kuni zote. Akalifungua na paa la nyumba, akakitoa kitanda na mito yake, akakiweka tena bila mito, hivi hivi, kitanda cha mtu mwingine. Alifungua kopo la misumari, akauchukua mkeka na kuurudisha upande wa mafiga.

"Haikuwa pale," sauti ilisema nyuma yake, ingawa mama hakuwa amegeuka. "Karibu na mulango. Nilitaka nimusikie vizuri wakati anagonga."

Akausogeza mlangoni. Kisha akakata kipande cha spoki, chembamba, akakipinda kwa koleo na kukipitisha kwenye vitanzi viwili vya waya upande wa ndani wa mlango. Kikamponyoka, akakitafuta sakafuni kwa magoti kati ya nati na vumbi, akakiona. Lilikuwa komeo dogo kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na lilifunga. Hakumpa mama mkononi. Alilitoa lile jiko peke yake akampa Élise, Élise akampelekea mama yake pale kwenye kigoda, na Sadrack akisikiliza alisikia ukucha ukisukuma chuma, tik, na ukikirudisha, na ukisukuma tena.

"Ni yenyewe," alisema Mama Augustine. Baadaye akaongeza, "Paa usibandike. Rudisha Makiso. Wale waliona mukeka, wakuje waone na kachuma."

Élise aliweka begi lake chini, ndani ya mlango. Hakusema anarudi. Alikwenda tu kutazama masufuria yake yako katika hali gani, na kutoka huko nyuma akasikika akilalamika.

Wiki hiyo hiyo Makeli ilirudi ukumbini na watu wakarudi nayo, kwa sababu umbea haukuwa umeisha. Sadrack alisimama mahali pake. Nyuma yake, kwenye kiti walichomletea, alikaa Mama Augustine na kikwembe chake cha Noeli, akiuelekea mlango. Tante Simone hakukosa. Alipenya katikati ya watu mpaka jikoni, akanyanyua paa lenye kona iliyochanika, akainama.

"Mukeka ungaliko," alitangaza. Kidole chake kikachokonoa. "Na hii kachuma kwa ndani, ni ya nini tena?"

Simu zikageuka kwa Sadrack. Alijua jibu. Alilijua lote, mpaka jinsi marehemu alivyogonga. Masikio yalimwaka. Akatazama viatu vyake.

"Sijui, tante," alisema. "Uliza mwenye nyumba."

Watu wote wakatazama nyuma yake. Yeye hakugeuka. Alisikia kiti kikikwaruza sakafu, na ndala zikija taratibu upande wao.